Anwani ya Mtunzi

Kajaani, Januari. Saa kumi alasiri na giza limekwisha kuketi.
Nimerudi kutoka dobi ya hospitali, mikono yanuka sabuni ya mashuka,
niko mezani na nyimbo tisa
na mlango wa kuzitolea sijauona.

Jouni, mpwa wangu, alinifungulia kurasa tatu kwenye kompyuta.
"Chagua tu, Hilkka. Wasambazaji wote hufika kulekule."
Akaenda zake kwenye magongo ya barafuni.

Wa kwanza anataka ada ya mwaka.
Ni kodi ya chumba: ukilipa, nyimbo zinalala ndani;
ukikosa, zinatupwa nje na magodoro yao.
Nikauliza kwa sauti, peke yangu jikoni:
nikifa Machi, ada ya Aprili atadaiwa nani?

Wa pili hatozi kitu mlangoni.
Anamega kumi na tano katika kila mia,
leo, kesho, na kesho nisiyokuwamo.

Wa tatu ni bure, bure ya kung'aa.
Masharti yake nimeyasoma mpaka chai ikafanya utando,
na katika kifungu cha thelathini na kitu
nikakuta neno *milele* limejikunyata
kama paka aliyekwisha kula samaki.

Uzi mmoja wa kantele,
ule mnene wa chini, unaokatika baridi ikizidi,
ni yuro nne.
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya umeme:
ili niununue, watu elfu moja mia tatu na ushei
sharti wanivumilie nusu dakika.
Huo ni mtaa wetu mzima, pamoja na mbwa.

Nikajaza fomu ya wa pili, kujaribu tu.
Aina ya muziki? Orodha ndefu; kantele haimo.
Kilicho karibu ni "Muziki wa Dunia."
Nikatazama dirishani: maegesho, theluji,
gari la Veikko limezikwa hadi vioo.
Haya. Dunia ndiyo hii.

Mtunzi wa wimbo wa nne?
Aune Kemppainen, nikaandika. Mama.
Aliuimba puani akimenya viazi,
na ukimuuliza ni wimbo gani
atakwambia wimbo uko wapi, napumua tu.
Mgawo wake? Hamsini kwa mia.
Nikafuta. Sabini.

Hapo kisanduku kikageuka chekundu:
*Tafadhali weka barua pepe ya mtunzi.*

Mama alikuwa na anwani moja maisha yake yote,
na sasa ana nyingine:
makaburini, mstari wa sita, karibu na bomba.
Nikaandika hivyohivyo.
Kikakataa; kilitaka ile alama yenye mkia uliojizungusha.
Nikaipachika kati ya mstari wa sita na bomba.
Kikakataa tena.

Nikawaandikia wote watatu swali moja:
mtunzi aliyekufa anaandikwaje?
Wa kwanza akajibu papo hapo, kwa furaha kubwa,
swali ambalo sikuuliza.
Wa tatu, kimya.
Siku ya nne akajibu mtu wa yule wa pili, jina lake Ragnhild:
"Pole. Weka anwani yako mahali pa yake.
Mimi nilifanya hivyo kwa baba yangu. Mfumo haujui."

"Kumi na tano kwa mia!" Jouni kashika kichwa.
"Na utakatwa hadi lini?"
Sikumjibu. Nilikuwa nakaza uzi.

Ijumaa, katikati ya zamu, simu ikatetemeka mfukoni,
mashine kumi na mbili zikinguruma,
mashuka ya wagonjwa yakipinduka ndani ya vioo.
Nikaifuta povu, nikasoma:
*Hongera, Aune! Wimbo wako uko hewani.*

Nikasoma tena.
Kisha nikamjibu Ragnhild, kwa kidole kimoja kilicholowa:
kafurahi, lakini anasema huo si wimbo.